Niuzie Prosesa, Usiniuzie Jina

Mchele una adabu. Ukienda sokoni muuzaji anakwambia huu wa Kyela, ule wa Shinyanga, nawe unachota punje mbili, unatafuna, unanusa kiganja, na kama umechanganywa na wa mwaka juzi unajua hapohapo, kabla hujafungua pochi. Prosesa haitafunwi. Ni kibati cha mraba kinachoenea kiganjani, hakina harufu, hakina ladha, hakiwaki taa, na ukishakinunua kinafichwa chini ya feni ambako hutakiona tena mpaka siku mashine ifunguliwe na fundi. Ndiyo maana kila mwenye mdomo anaweza kukiuza.

Mimi ni mtu wa steshenari. Kibanda changu kiko jirani na shule, na kazi zangu mnazijua: kopi, barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio ambayo mwalimu huileta saa moja asubuhi na kuitaka saa moja na robo, picha za pasipoti, kadi za mchango wa harusi, na msimu ukifika, kuwajazia vijana maombi ya vyuo mtandaoni huku mzazi amesimama nyuma ya bega langu akinisomea namba ya cheti cha kuzaliwa kwa sauti ya kuhutubia. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji mashine ya kurushia roketi. Zinahitaji kompyuta inayowaka nikiiwasha na isiyoganda mteja wa nne akiingia.

Niliyokuwa nayo ilikwishafika mahali nikibofya, naweza kupokea hela, kurudisha chenji, kumsalimia jirani na kumuuliza hali ya mguu wake, ndipo dirisha lifunguke nusu. Microsoft nao wakaja na lao: tarehe 14 Oktoba 2025 waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haipokei kila mgeni. Inataka kitu kinachoitwa TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa AMD, Ryzen za kundi la 2000 kwenda juu. Mashine yangu ilikuwa nje ya mlango huo kwa miaka mingi. Nikaamua kununua nyingine, ya mezani. Laputopu siitaki, laputopu ina miguu: leo iko kibandani, kesho mtoto ana kazi ya kikundi, keshokutwa iko Dodoma. Ya mezani hukaa ilipowekwa, kipande kikifa unabadilisha kipande, na mwizi akiitaka lazima aje na mwenzake.

Sasa, ukitaka kujua ukoo wenu una wataalamu wangapi, tangaza kwamba unanunua kompyuta.

Baba watoto, ambaye kompyuta ya kibandani huigusa siku za mpira tu, alisema, "Mama Neema, chukua i7. Umeteseka vya kutosha." Ushahidi wake ni kwamba saba ni kubwa kuliko tatu. Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo, akasema, "Mama mdogo, achana na Intel, hao wamechoka. Chukua Ryzen, halafu tuweke na kadi ya grafiki." Nikamuuliza kadi ya grafiki ya nini. Akasema ya picha za pasipoti. Nilimwangalia mpaka akaangalia chini. Fundi anayenitengenezea printa akasema mambo yote ni gigahezi, zikiwa nyingi umemaliza. Na jirani yangu, wakala wa kutuma na kutoa fedha, akasema prosesa zote ni zilezile, wanabadilisha majina tu ili tule hasara, bora tutazame RAM.

Wanne, na kila mmoja kwa uhakika wa mtu ambaye hela siyo yake.

Tuanze na saba ya baba watoto. Jina la i7 lilianza mwaka 2008, i5 likafuata 2009, na i3 likaja 2010. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka i7 ya kwanza ndiye huyo anayeniletea fomu za chuo. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii i7" na asiseme ya lini, amekwambia kwamba wakati fulani, katika maisha ya dunia hii, kuna mtu aliinunua kwa bei kubwa. Habari njema kwa aliyeuza mara ya kwanza.

Nikaenda Kariakoo. Kijana akanipokea barabarani kabla sijafika dukani.

"Karibu mama angu. Simu, TV, kompyuta?"

"Kompyuta ya mezani."

"Umefika. Hii hapa, i7, mashine ya kazi, imeshuka juzi tu kutoka Dubai."

Nikaitazama. Boksi lilikuwa na mikwaruzo ya mtu aliyewahi kushushwa kwenye lori akiwa amelala, lakini stika ya i7 mbele yake ilikuwa inang'aa, kona zote nne zimekaa. Boksi la zamani, stika ya leo asubuhi. Kwetu tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimevalishwa kabisa nguo ya kutokea.

"i7 ya kizazi cha ngapi?"

"Ya kisasa, mama."

"Kisasa siyo namba, mwanangu."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema ni ya kisasa sana. Akaitwa mwenye duka, akaja na kikombe cha kahawa, akasema, "Mama, i7 ni i7." Nikaomba iwashwe. Wakatafutana macho, wakatafuta waya, wakatafuta monita, na mwisho mashine ikawaka: Core i7-3770.

Hiyo namba ndiyo jina lenyewe. Herufi na tarakimu ya mbele, i3 au i7, ni daraja tu. Kinachofuata baada ya kistari ndicho cheti cha kuzaliwa. Tarakimu nne zikiwa 3770, kizazi ni cha 3. Zikiwa 8500, cha 8. Zikiwa tano kama 12100, kizazi ni cha 12. Hiyo 3770 ilitoka mwaka 2012. Ina viini vinne na nyuzi nane, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.4. Ilikuwa prosesa nzuri sana enzi zake, na wala sina ugomvi nayo. Lakini Core i3-12100, i3 hiyo inayodharauliwa, ilitoka Januari 2022, nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.3. Kwenye karatasi ni mapacha. Kazini, yule mdogo anamwacha mkubwa mbali, kwa sababu katika kila pigo moja la saa anamaliza kazi nyingi zaidi, akibanwa anapanda hadi gigahezi 4.3, anatumia RAM za kasi zaidi, na Windows 11 inampokea bila kumuuliza maswali. Mkubwa inamfungia nje.

Nilipotaja i3, mwenye duka alicheka kwa huruma. "Mama, i3 ni za wanafunzi." Kisha akanitajia bei ya hiyo i7 yake, nikatafuta kiti.

Hapo naomba fundi wangu wa printa naye asogee. Gigahezi ni idadi ya mapigo, bilioni ngapi kwa sekunde. Haisemi kila pigo linafanya nini. Mwishoni mwa mwaka 2004 Intel walikuwa wanauza Pentium 4 ya gigahezi 3.8, yenye kiini kimoja na joto la kutosha kukausha nguo. Kwa hesabu ya fundi, hiyo ya 2004 ni bora kuliko i3 ya 2022 inayoanzia 3.3. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Lakini 3.8 ni nyingi, mama." Nikamwacha aendelee na printa.

Mtoto wa dada yangu ni mgumu zaidi, maana yeye amesoma. Hoja yake ni ya uaminifu: Intel hawaaminiki, AMD ndio watu. Nami, kwa kuwa hela ni yangu, nikaamua kuwachunguza wote wawili kama mtu anayepeleleza ukoo kabla ya kupeleka posa.

Intel ilianzishwa mwaka 1968, AMD mwaka 1969. Wamelingana umri na wana madoa ya kulingana. Mwaka 1994 profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, Thomas Nicely, alikuwa anafanya hesabu zake za namba tasa akagundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea kugawanya. Ukiiambia igawanye 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu ni 1.33382, Pentium yenye kasoro ilikupa 1.33374. Intel wakasema watu watulie, mtumiaji wa kawaida wa majedwali ya hesabu atakutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Miaka 27,000! Kibandani kwangu mwalimu mkuu angeliona kabla ya saa nne, kwenye orodha ya ada. Watu walikataa kutulia, na Desemba ile Intel wakakubali kumbadilishia kila aliyetaka. Gharama waliyotenga vitabuni mwao ilikuwa dola milioni 475. Na mwaka 2024 wakalazimika kukiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti nyingi kuliko zinavyostahili na kujichosha zenyewe taratibu. Wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, na kuziongezea dhamana miaka miwili.

Mtoto wa dada akapiga makofi. "Si nilikwambia, mama mdogo?"

Nikamwambia kaa chini, zamu ya kwenu. Kuanzia mwaka 2011 AMD waliuza prosesa za FX kwa sifa ya viini nane. Wateja Marekani wakaenda mahakamani, wakasema viini vile vimekaa viwiliviwili na kila jozi inachangia sehemu moja ya kupigia hesabu za desimali, sasa hivyo ni nane au ni nne? Mwaka 2019 AMD walikubali kutoa dola milioni 12.1 kesi iishe. Na mwaka huohuo wa 2019 wakatoa Ryzen 3 3200G, iliyobeba namba ya kundi la 3000 huku ndani ikiwa na usanifu wa kundi la 2000. Intel nao wasicheke: Core i3-13100 na i3-14100 ni i3-12100 ileile iliyoongezewa mwendo kidogo, kutoka gigahezi 4.3 kwenda 4.5, kisha 4.7. Ukiona zinatofautiana bei kwa kiasi cha kukuuma, nunua yenye namba ndogo, hela inayobaki kala chipsi.

Basi uaminifu wa ukoo tukaufunga. Hakuna wa kumpelekea posa ukiwa umefumba macho. Lakini katika kupekua nikaona jambo ambalo halikunifurahisha, kwa sababu linaharibu utamu wa kulalamika: prosesa yenyewe, kile kibati, ndicho kitu kinachoharibika kwa nadra kuliko karibu vyote ndani ya boksi. Hakina kinachozunguka, hakina kinachochakaa kwa kuguswaguswa. Pawa saplai inaungua, feni inakwama kwa vumbi, hadi diski inaanza kugonga, mazabodi inavimba kapasita, na prosesa imekaa pale katikati ya msiba, nzima. Hata lile doa la 2024 liliwaangukia zaidi walionunua zile kubwa za bei mbaya. I3 hazimo kwenye orodha ya walioongezewa dhamana. Mara moja katika historia ya biashara, mnyonge kapona.

Kwa hiyo kile kibati hakijanidanganya hata siku moja. Wanaodanganya ni jina lake, stika yake na anayelitamka.

Na jina lina mkia, jamani. Mkia ndio unaoua. Jirani yangu mwingine, mwenye kibanda cha kuchapa upande wa pili wa barabara, alijinyima akanunua mashine mpya kabisa, prosesa i3-12100F. Akaifikisha, akaiwasha, feni ikazunguka, taa zikawaka, monita ikabaki nyeusi kama sufuria ya mama lishe. Fundi wa kwanza akasema ni kebo, akamuuzia kebo. Fundi wa pili akasema ni monita, akamuuzia monita. Fundi wa tatu akasema mashine imelogwa, huyu angalau hakumuuzia kitu. Kumbe ile F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani: bila kadi ya grafiki, hakuna picha. Ilipotoka, yenye F ilikuwa na bei ndogo kuliko isiyo na F kwa dola 25 hivi. Jirani yangu aliokoa dola 25, akanunua kebo, monita, na mwisho kadi.

Msije mkadhani ukishaijua F umehitimu. K ni ya kufunguliwa mwendo, ya wapenda mashindano, na huja bila feni. T ni ya kula umeme kidogo, nayo mwendo wake umeshushwa. Ukihamia AMD, mambo yanageuka: kule katika kundi la 5000, isiyo na herufi ndiyo isiyo na picha. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600G inayo. Yaani upande mmoja unatafuta isiyo na herufi, upande wa pili unatafuta yenye G, na kijana wa dukani yeye anakwambia "zote ni zilezile mama, G ni ya jina tu." Ukisikia hivyo, shika mkoba, salimia, ondoka.

Kuna waliotaka ninunue iliyotumika, nami sikuwapuuza. Yale maboksi ya ofisini yanayoletwa kutoka nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, ni mashine zilizofanya kazi ya karani, na kazi ya karani ndiyo yangu. Yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018 ina viini sita na inaingia Windows 11 kihalali. Kwa mtu mwenye bajeti ya kubana, naona ni chaguo lenye heshima kuliko "mpya" yenye Celeron ya viini viwili iliyopambwa taa za rangi. Lakini boksi hizo nyingi zina pawa saplai na mazabodi za umbo la kampuni yenyewe. Ikifa, huendi kununua ya kawaida dukani, unaenda kutafuta maiti ya mwenzake ili uichune. Mimi nina foleni ya wazazi. Sina muda wa kutafuta maiti.

Ukinunua iliyotumika au mpya, kuna mambo ya kufanya dukani hata wakununie. Kwanza, iwashwe mbele yako. Pili, usiridhike na lile jina linaloandikwa kwenye ukurasa wa sifa za Windows, maana mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kulifuta pale na kuandika analotaka; ukizima na kuwasha upya, kwa kawaida jina la kweli linarudi. Kwa hiyo sema, "Zima. Washa. Sasa niingizie BIOS." Tatu, nenda na CPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure inayosoma prosesa yenyewe na kukutajia viini, nyuzi na jina. Nne, kama prosesa inauzwa peke yake, soma maandishi yaliyochongwa juu ya kibati, na ulinganishe na kitakachosomwa kwenye mashine, kwa sababu wapo wanaofuta ya chini na kuchonga ya juu. Tano, kama ni Ryzen za soketi ya AM4, igeuze uone miguu. Ziko chini ya prosesa, nyembamba kama nywele, na mtu aking'oa feni kwa pupa prosesa hutoka nayo ikiwa imeng'ang'ania ile dawa ya joto, miguu ikapinda. Sita, uliza ni ya boksi au ya trei. Ya boksi ya daraja letu hili huja na feni yake. Ya trei huja uchi, na feni unaambiwa bei ukishalipa.

Nilipokuwa nasema "zima, washa, niingizie BIOS," niligundua kwamba sentensi hiyo inachuja maduka kuliko uchunguzi wowote. Duka moja waliniambia BIOS imeisha. Jingine waliniambia ukiingia BIOS dhamana inaondoka. Jingine kijana alienda kumwita mtu wa BIOS, na naamini bado anamtafuta. Mwishowe nikaingia kwenye kiduka kimoja chembamba, ndani kuna dada mmoja amekaa na bisibisi mkononi, hana maneno mengi. Nikasema mahitaji yangu. Akauliza, "Mama, unacheza gemu?" Nikasema sichezi. "Unahariri video?" Nikasema video ya nini. Akasema, "Basi i3-12100, isiyo na F. Au 5600G, ila leo mazabodi yake nzuri sina, na mbaya sikuuzii."

Na mbaya sikuuzii. Niliyarudia hayo maneno kimoyomoyo. Nilitamani kumuuliza kama ameolewa, nina mpwa.

Nikatoa wimbo wangu wa zima na washa. Akazima, akawasha, akaingia BIOS bila kupepesa, akanigeuzia monita nisome mwenyewe. Nikamwomba risiti ya EFD, akatoa, na dhamana akaiandika kwa mkono nyuma ya kadi na kugonga muhuri. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Prosesa za kuaminika zipo tele, zinatoka viwandani kila siku zikiwa zinaaminika. Muuzaji anayekubali uitazame ndiye wa kutafuta kwa tochi.

Fedha ambayo ingemezwa na i7 ya 2012 nikaigawa: RAM ya GB 16, vijiti viwili vya nane, kwa kuwa viwili hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja, SSD badala ya hadi diski, kwa sababu ule uzembe wa kufungua mafaili tunaoilaumia prosesa mara nyingi ni wa diski, na UPS, maana umeme wa mtaani kwetu una tabia ya kwenda bila kuaga, hasa mwalimu akiwa amesimama. Hapa lazima niseme haki: jirani yangu wakala wa fedha, aliyesema prosesa zote ni zilezile na tutazame RAM, alikuwa amekosea kwa njia iliyomfikisha karibu na ukweli. Sikumwambia. Angepandisha makato.

Mpwa wangu alinuna, akasema grafiki ya ndani ya hiyo i3 haifiki ya 5600G. Ni kweli haifiki. Picha za pasipoti hazijalalamika. Anapokuja kibandani anabofya hiki na kile akitafuta pa kuikosoa, na mashine inafunguka kabla hajamaliza kukunja uso.

Mgumu alibaki baba watoto. Yeye hakuwa na neno na kasi, aliona aibu. "Sasa watu wakiniuliza nina mashine gani, niseme i3?" Nikamwambia aseme ni ya mke wake. Hilo halikumpoza. Jumamosi akatoka, akarudi na kibahasha kidogo, akainama mbele ya boksi langu jipya, akasugua kwa kitambaa, akabandika kitu na kukibonyeza kona zote nne. Stika ya i7. Inauzwa yenyewe, kwa karatasi, chagua daraja unalotaka.

Juzi akaja mteja kutoa kopi ya leseni, akaiona. "Mama, hiyo i7? Mnauza?" Nikamwambia haiuzwi. Akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko niliyolipa, na hakuuliza kizazi, hakuuliza mkia, hakutaka hata iwashwe. Nikamwambia mashine ni yangu na bado haiuzwi, ila kama anachotaka ni stika, akae kwenye benchi pale, mwenyewe anarudi saa kumi.